Kuwaonyesha Watu Jua kwa Darubini

Nyota hutoka wanafunzi wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha anga hana budi kuomba ruhusa za wazazi, kutafuta usafiri wa usiku, kisha kupambana na taa za mjini zinazofifisha kila kitu isipokuwa Mwezi na sayari chache. Jua halina shida hizo. Ni nyota, liko juu ya uwanja wa shule saa za masomo, na taa zote za Kariakoo haziwezi kulipunguzia kitu. Darubini ndogo ya lenzi ya milimita 60 au 70, ile ambayo wengi huinunua kwa hamu kisha wakaiacha kabatini, inatosha kuonyesha madoa yake, na mengine kati ya madoa hayo ni mapana kuliko Dunia nzima.

Lakini anayeweka darubini hadharani na kumwita mtu achungulie Jua amebeba dhamana ya jicho la mtu huyo. Mtoto hawezi kukagua chujio. Bibi anayepita akitoka sokoni hajui kilichomo ndani ya bomba; anainama kwa kuwa amekuamini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo nyingine zote zinaitii, ni hii: darubini iliyoelekezwa kwenye Jua haiachwi peke yake hata dakika moja, na anayeisimamia hana kazi nyingine. Hapokei simu, hagawi maji, haendi kumsalimia mkuu wa shule. Akitaka kuondoka, anamkabidhi mwenzake kwa maneno, na mwenzake anaitikia.

Sababu yake ni hii. Mchana mboni ya jicho hujibana hadi kama milimita 2. Lenzi ya milimita 70 hukusanya mwanga zaidi ya mara 1,200 ya ule unaopita kwenye mboni hiyo, ikauminya wote mahali padogo. Retina nayo haina neva za maumivu. Mtu anaweza kuungua asihisi chochote. Giza katikati ya anachokitazama hujitokeza baada ya saa kadhaa, na pengine lisiondoke tena.

Chujio hukaa mbele

Chujio la Jua huvalishwa kwenye mdomo wa darubini, upande unaoelekea angani, ili mwanga upunguzwe kabla haujakusanywa. Utando unaofaa hung'aa kama karatasi ya fedha. Ule wa Baader AstroSolar wa daraja la OD 5.0 hupitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 za mwanga. Upo mwingine wa OD 3.8 ambao kwa kuutazama hutautofautisha, nao ni wa kupigia picha tu, haufai kwa jicho. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kutoa pesa. Kipande ambacho hakina pakiti na muuzaji hajui kilikotoka, kiache hapo hapo.

Kuutengenezea utando fremu si kazi ngumu. Zungusha ukanda wa manila kwenye mdomo wa darubini mara tatu nne huku ukiupaka gundi, upate kola inayobana kiasi cha kuingia kwa kusukumwa. Kata pete mbili za kadibodi, laza utando katikati yake, gundisha pete, kisha zibandike juu ya kola. Usiuvute utando hadi ukakakamaa. Mikunjo haina madhara, kuuvuta ndiko kunakoharibu picha. Kola ikishaingia, ifunge kwenye bomba kwa selotepu ya karatasi sehemu tatu. Selotepu hiyo ndiyo kinga dhidi ya upepo wa pwani na dhidi ya kidole cha mtoto mdadisi. Mimi sikubali darubini ianze kazi mbele ya watu bila hiyo, hata kama chujio limenunuliwa dukani likiwa na kola yake ya chuma.

Kila siku ya kazi, kabla ya kutoka, likague chujio ukiwa ndani ya chumba: liinue mbele ya tochi ya simu, ulipitie pole pole kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiona tundu linalopitisha mwanga mkali, au mstari uliochubuka, utando huo umekwisha. Uchane vipande kabla hujautupa, asije mwingine akauokota.

Darubini nyingi za bei nafuu huja na kichujio kidogo cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, mwisho kabisa wa bomba. Kivunje siku hiyo hiyo. Kinakaa mahali ambapo mwanga umekwisha kukusanywa, kinapata joto, na siku yoyote kinaweza kupasuka ghafla huku jicho la mtu likiwa nyuma yake. Kadhalika kidarubini cha kulengea kilichopachikwa ubavuni: kiondoe, ukiache nyumbani. Wasimamizi hukumbuka kufunika bomba kubwa wakasahau hicho kidogo, na watoto hukipenda kwa sababu kiko kwenye kimo chao.

Bila kidarubini hicho utalengaje? Tazama kivuli. Zungusha bomba huku ukiangalia kivuli chake ardhini. Kitakuwa kirefu, kisha kitaanza kufupika. Kikifika ufupi wake wa mwisho na kuwa duara, Jua limo ndani ya bomba. Anza na lenzi ya jicho inayokuza kidogo, kama mara 40, ili duara zima la Jua lionekane kwa mara moja. Wewe ndiye wa kwanza kutazama, kila mara, kabla ya mgeni yeyote.

Karatasi kwa darasa zima

Njia ya pili haimhitaji mtu kuchungulia kabisa. Unaiacha darubini bila chujio, unashika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya jicho, na taswira ya Jua inatua kwenye karatasi. Njia hii ni ya tangu siku za Galileo: mwanafunzi wake Benedetto Castelli ndiye aliyemfundisha, na kwa njia hiyo Galileo alichora madoa ya Jua siku baada ya siku mwaka 1612. Uzuri wake ni kwamba watu kumi wanaona kitu kimoja kwa pamoja, na unaweza kuonyesha doa kwa ncha ya penseli badala ya kumwuliza kila mmoja kama ameliona.

Ubaya wake ni kwamba mwanga usiochujwa umo ndani ya bomba na unatoka nyuma. Tumia darubini ya lenzi tu, au ya kioo iliyo ndogo. Zile fupi zilizofungwa kioo mbele na kioo nyuma huhifadhi joto ndani na kuharibika. Lenzi za jicho za plastiki huyeyuka, na zile za vioo vilivyogundishwa zinaweza kupasuka. Chukua lenzi ya jicho rahisi, ambayo hutaililia ikiharibika. Kama mdomo wa darubini ni mpana, utobolee kifuniko cha kadibodi tundu la sentimita 5, hizo zinatosha. Na lazima uzibe nafasi kati ya lenzi ya jicho na karatasi, maana hapo ndipo mtoto anapoingiza uso kutaka kujua mwanga unatoka wapi. Boksi la viatu lililotobolewa upande mmoja kwa ajili ya lenzi, likawekwa karatasi nyeupe ndani na kuachwa wazi ubavuni kiasi cha kutazama, linatosha. Kila baada ya dakika chache geuza bomba pembeni lipoe.

Sogeza karatasi mpaka duara la Jua lifikie upana wa sentimita 11, kisha weka nukta ya kalamu pembeni yake, yenye upana wa milimita moja. Nukta hiyo ni Dunia. Upana wa Jua ni kilomita 1,392,000, mara 109 ya upana wa Dunia, kwa hiyo vipimo vya kwenye karatasi vinakaribia ukweli. Baada ya hapo mwambie mwanafunzi apime doa kubwa kwa rula, naye atapata mwenyewe jibu ambalo ungetumia dakika tano kulieleza.

Nikiulizwa nichague, darasa la wanafunzi 50 nalipeleka kwenye karatasi, na foleni ya wapita njia naipeleka kwenye chujio. Penye wasimamizi wawili wanaoaminika, weka darubini zote mbili, mbali mbali, na mwenye ile isiyo na chujio awe yule mtulivu zaidi.

Saa, mahali, na foleni

Fanya kazi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Baada ya hapo ardhi huwa imeshika moto, hewa inachemka juu yake, na ukingo wa Jua unaonekana ukitetemeka. Uwanja wa nyasi ni bora kuliko lami au saruji. Ipo pia shida ya kwetu watu wa karibu na ikweta: Jua la adhuhuri hupanda karibu na utosi, hasa Machi na tena mwishoni mwa Septemba na Oktoba, na darubini nyingi za stendi ndogo hugoma kuelekea juu kabisa. Ukilazimika kufanya kazi saa sita, hakikisha una kioo cha pembe kinachoipindisha njia ya mwanga, la sivyo watu watapiga magoti. Kwa mpango wa wiki nzima, tafuta kiangazi cha Juni hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei yatakuaibisha mbele ya wageni.

Ruhusa usiidharau. Shuleni ni kwa mkuu wa shule, mtaani ni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Bomba refu lililoelekezwa juu katikati ya mji huwatia watu maswali, na ni vizuri maswali hayo yawe yamejibiwa kabla hayajaulizwa na askari.

Asubuhi ya kazi, fungua kwenye simu picha za chombo cha SDO, ambacho NASA ilikirusha mwaka 2010 na ambacho hulipiga Jua picha usiku na mchana. Utajua ni madoa mangapi yapo na yako upande gani, usije ukawaahidi watu doa lisilokuwepo. Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11; kilele cha mzunguko wa sasa kilitangazwa mwaka 2024, kwa hiyo kadiri tunavyokaribia mwisho wa muongo huu siku za Jua tupu zitaongezeka. Siku kama hizo bado ukingo wa Jua una la kuonyesha: ni mweusi kidogo kuliko katikati, kwa sababu katikati unaona tabaka za ndani zaidi, zenye joto kubwa, na pembeni unaona zile za juu zilizopoa.

Foleni iwe na kivuli. Turubai, mwembe, hata mwavuli mmoja mkubwa. Tafuta kigoda kwa wadogo na kiti kwa wazee. Funika darubini kwa kanga wakati hakuna anayetazama, na mpe anayetazama kanga nyingine ajifunike kichwa, maana mwanga wa pembeni ndio unaowafanya wengi waseme hawaoni kitu. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulisambaa Dar es Salaam na mikoa mingine. Kwa hiyo mwenye jicho jekundu au linalotoa machozi aelekezwe kwenye karatasi, kwa heshima na bila kumtangaza, na lenzi ya jicho ipanguswe ukingo kwa spiriti kila baada ya watu wachache. Kamwe usipanguse kioo chenyewe.

Maneno nayo yana nafasi yake. Anayekuja kwa mara ya kwanza huishika darubini kwa mikono miwili, na Jua linapotea. Mwambie kabla hajafika: "Shikamoo bibi, karibu. Mikono weka magotini, sogeza jicho taratibu, utaona duara jeupe. Ukiliona niambie." Neno la mwisho ndilo muhimu. Asiyeulizwa hukubali tu kwa adabu, akaondoka bila kuona lolote. Akisema ameliona, mwulize kama kuna alama yoyote juu yake, umwachie nafasi ya kuitafuta. Usimwambie iko wapi mpaka ashindwe.

Watauliza madoa ni nini. Ni sehemu ambako nguvu ya sumaku ya Jua ni kubwa mno hata inazuia joto kupanda kutoka ndani. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, na ndani ya doa joto hushuka hadi karibu 3,500 au 4,000. Yanaonekana meusi kwa sababu yamezungukwa na kitu king'avu zaidi; doa hilo hilo lingekuwa peke yake angani, lingewaka.

Watauliza pia mbona Jua linakimbia. Hapo usiharakishe kulirudisha katikati. Waache walitazame likitoka nje ya duara la lenzi, na mmoja ashike saa: Jua huvuka upana wake lenyewe kwa dakika mbili na sekunde chache. Wanachokiona ni Dunia ikizunguka, na kwangu hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika somo hili. Ukingo unaotangulia kutoka ndio wa magharibi. Weka alama kwenye karatasi, maana utaihitaji.

Utaihitaji kama shule itakubali kuendelea. Chora duara lile lile la sentimita 11 kwenye daftari, na kila siku saa nne wanafunzi wawili, wakiwa na mwalimu, wachore madoa yalipo juu ya karatasi. Jua linajizungusha, na kwa tunavyoliona kutoka Duniani mzunguko mmoja huchukua kama siku 27, kwa hiyo doa linalotokeza ukingo wa mashariki hufika ukingo wa magharibi baada ya wiki mbili pungufu kidogo. Mengine hufa njiani, mengine hugawanyika. Shule yenye daftari kama hilo la muhula mmoja ina utafiti wake wenyewe.

Siku ya kupatwa

Siku ya kawaida huleta makumi ya watu. Siku ya kupatwa kwa Jua huleta mji mzima. Tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa kipete kusini mwa Tanzania, watu walisafiri hadi Rujewa mkoani Mbeya, na Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa walioelimisha umma kuhusu tukio hilo. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litafunikwa lote kwa wakazi wa Luxor, Jeddah na Makka, na karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na kwa Oman, Mwezi utafunika sehemu tu ya Jua. Hiyo maana yake chujio halitoki hata sekunde moja, tangu mwanzo hadi mwisho, na usikubali kushawishiwa na anayesema huko Misri watu walivua miwani.

Siku hiyo watakuja na vifaa vyao, na kila kimoja kinahitaji jibu. Kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei na miwani ya jua ya kawaida: hapana. Kioo cha fundi wa kuchomelea kinafaa kwa macho matupu kama ni namba 14, lakini vingi vilivyomo karakana ni vya namba 10 au 11, na hivyo havifai. Beseni la maji, ambalo wazee wengi walilitumia, hurudisha kama asilimia 2 ya mwanga Jua likiwa juu. Linganisha na sehemu moja kati ya 100,000 ya chujio, utaona kwamba beseni linaachia mwanga mara 2,000 zaidi. Miwani ya kupatwa kwa Jua yenye alama ya ISO 12312-2 na isiyo na mkwaruzo ni salama kwa macho matupu. Haitumiki hata kidogo kuchungulia darubini isiyo na chujio mbele, kwani mwanga uliokusanywa utaitoboa papo hapo. Mwambie kila anayefika kwenye foleni aivue na kuishika mkononi, asije akafikiri viwili hivyo vinasaidiana.

Wasiopata zamu wapeleke chini ya mti. Kila upenyo kati ya majani hutupa ardhini taswira ya Jua, na Jua likimegwa, visahani vyote vya mwanga vinakuwa hilali. Upande wa pwani panga ratiba pamoja na imamu, kwa sababu Waislamu huswali swala ya kupatwa kwa Jua wakati tukio lenyewe likiendelea. Wengi watakwenda msikitini kisha warudi, na foleni ipangwe kwa kulijua hilo. Baada ya 2027, weka alama kwenye kalenda tarehe 13 Novemba 2032, Utaridi itakapopita mbele ya Jua ikiwa nukta nyeusi kabisa, na ikaonekana Afrika.

Kazi ikiisha, hatari bado haijaisha, maana hapo ndipo watu wanapochoka na vitu vinafunguliwa ovyo. Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua. Kwanza geuza bomba lielekee mbali na Jua, chini au upande wa kivuli. Pili vika kifuniko kwenye lenzi ya jicho. Tatu ndipo ukate selotepu na kuvua chujio, kisha ufunike mdomo wa darubini hapo hapo. Chujio liweke ndani ya boksi gumu, upande wa utando usiguse kitu, na uandike juu ya boksi tarehe ya ukaguzi wa mwisho.